Nilimpeleka bibi harusi Santorini, akakuta mvua!

Mpenzi msomaji, wiki hii kuna kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Tangu enzi za uchumba, mke wangu alikuwa na wimbo mmoja tu: Santorini. Kile kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe pee na makanisa ya paa la bluu. Nikamwambia, usijali mama, fungate tunakula huko huko. Nilichomficha ni kwamba chumba cha Julai kingenifilisi, ila cha Januari kilikuwa bei ya kutupa. Nikalipa, nikauchuna.

Kasheshe lilianzia Piraeus, bandari ya Athens. Kule upepo ukichachamaa, meli zinazuiwa kutoka. Tukalala pale siku mbili. Ya tatu tukasafiri kwa muda wa saa nane hivi, bibi harusi akitapika njia nzima.

Kufika kijiji cha Oia, jamani, kimya! Maduka mengi yamefungwa, mabwawa ya kuogelea hayana maji, mafundi wanapaka chokaa. Baridi kama nyuzi 10, mvua na upepo juu. Waliotupokea ni paka. Mke wangu akafungua sanduku: magauni saba ya ufukweni, sweta hata la dawa hakuna.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikaanza kubabaika.

"Nijibu, ulijua?"

Nikakubali. Hakupiga kelele. Akajilaza, akageukia ukutani. Bwana wee, hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi nikamvisha koti langu, tukapanda basi hadi Fira, mji mkuu. Tukakuta mgahawa mmoja uko wazi, umejaa wenyeji watupu. Mama mwenye mgahawa alipomwona mwenzangu anatetemeka, akamfunika shali yake mwenyewe. Akatuletea fava, rojo la njano la mbegu za jamii ya kunde, lenye mafuta ya zeituni na vitunguu. Tamu kama dengu ya nyumbani!

Kwa Kiingereza cha kuungaunga akatusimulia matetemeko ya Februari 2025, maelfu ya watu walipokikimbia kisiwa, naye akiwemo. Kisha akarudi. Kiangazi, alisema, hapati hata dakika ya kukaa na mgeni. Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Piraeus.

Jioni mvua ikakatika. Tukapanda kwenye magofu ya ngome ya Oia, pale ambapo kiangazi watu hubanana kama daladala ya Mbagala wakisubiri jua lizame. Siku ile tulikuwa wanne, ukihesabu na paka wawili. Jua likazama taratibu, bahari nzima ikawa rangi ya chungwa.

"Pazuri," akasema. "Ila ungeniambia, ningebeba sweta."

Nikaomba radhi. Safari hii bila kubabaika.

Kwa hiyo msomaji, kama mfuko wako mwembamba kama wangu, nenda visiwa vile wakati wa baridi. Hakuna kusukumana, na wenyeji wana muda na wewe. Beba koti zito, weka siku mbili za akiba kwa ajili ya meli, na mwambie mwenzako ukweli kabla hajafunga sanduku.

Mimi faini bado nalipa. Kila mgeni akija nyumbani anaonyeshwa picha za fungate, na zote bibi harusi kavaa koti langu.

Tukutane wiki ijayo!