Gari la Nyumbani: Tulipeleke kwa Wakala au kwa Fundi wa Jirani?



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa la akina baba peke yao, yaani matengenezo ya gari. Siku hizi katika nyumba nyingi mama ndiye anayetunza fedha. Katika nyumba nyingine baba yuko safarini au ametangulia, na mama ndiye mwenye gari. Nalo gari si la fahari. Linapeleka mahindi na maharage sokoni, linamwahisha mgonjwa hospitali, na watoto wetu wanalipanda. Basi swali la nani alitengeneze ni swali la bajeti ya nyumba, tena ni swali la uhai.

Tuchukue mfano wa familia inayoishi Isongole, wilaya ya Ileje, pale mpakani na Malawi. Barabara ya kutoka Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, sasa ni ya lami. Ukifika Mpemba unaingia barabara kuu ya kwenda Mbeya, ambayo ni mwendo wa kilomita nyingine 100 hivi. Kwenda Mbeya na kurudi ni karibu kilomita 300. Mawakala wakuu wa kampuni za magari wana makao yao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, ingawa baadhi wana matawi katika miji mingine. Fundi wa jirani naye yuko hatua chache kutoka nyumbani. Je, mama huyu afanye nini?

Wako watakaomwambia, "Gari ni la kampuni, lirudishe kwa kampuni." Wengine watasema, "Wakala anauza jina tu, fundi wetu anajua yote." Wote wawili wana ukweli kidogo. Tusianze kwa kuuliza gereji ipi ni kubwa. Tuanze kwa kuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Gari lako ni la namna gani?

Kama gari lilinunuliwa jipya kwa wakala na bado lina waranti, jibu ni rahisi. Soma kitabu cha waranti, uangalie ni miaka mingapi au kilomita ngapi, na masharti yake ni yapi. Nchini Marekani ipo sheria ya mwaka 1975 inayoizuia kampuni kufuta waranti kwa sababu tu mwenye gari hakutengeneza kwa wakala wake, na Umoja wa Ulaya nao una kanuni zinazomlinda mwenye gari namna hiyo hiyo. Lakini wewe na wakala wako mnaongozwa na karatasi mliyotia sahihi. Ikiwa inasema sevisi ifanyike kwake, ni afadhali kutii mpaka muda uishe, kwani injini ikiharibika ndani ya waranti gharama ni ya kampuni.

Lakini magari mengi ya kwetu si ya namna hiyo. Ni mitumba kutoka Japani, yaliyoshushwa bandarini yakiwa yametumika miaka mingi. IST, Noah, Passo na wenzao hawana waranti ya wakala wa hapa. Kwa magari hayo sababu kubwa ya kumfuata wakala haipo tena, na mama hana haja ya kuona haya kwa sababu gari lake linatengenezwa mtaani.

Kazi za fundi wa jirani

Kubadilisha oili na filta, kusafisha au kubadilisha plagi, kuweka pedi za breki, kubadilisha bushi na shokapu, kuziba rejeta inayovuja: hizi ni kazi ambazo fundi mzuri wa mtaani anaziweza kabisa. Tena ana faida tatu. Anaijua barabara unayopita, kwa hiyo anajua ni kitu gani huchoka mapema. Unaweza kukaa pale ukamtazama anapofanya kazi. Na gari likisumbua kesho yake, unajua nyumbani kwake.

Lakini fundi mzuri ni yupi? Si kila anayeshika spana ni fundi, na zipo gereji bubu ambako kijana anajifunzia kwenye gari lako. Uliza amejifunza wapi. VETA hufundisha ufundi wa magari, na pia ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Fundi asiye na cheti anaweza kuwa hodari sana, lakini mwenye nacho amepimwa na watu wengine. Kisha tazama mahali pake. Je, anaweka nati mahali pamoja, au zinatawanyika mchangani? Je, anaweka jeki peke yake, au anatia na kigogo imara chini ya gari kabla ya kuingia uvunguni? Asiyejali uhai wake mwenyewe, wa kwako ataujali vipi?

Kazi za kufuata mbali

Yako mambo ambayo hayafai kubahatisha. La kwanza ni umeme wa kompyuta. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na haizimi, tafuta gereji yenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Siku hizi haiko kwa wakala tu, hata mafundi wengi wa miji kama Tunduma na Mbeya wanayo. Usikubali fundi abadilishe kifaa kimoja baada ya kingine kwa kukisia, maana kila kisio unalilipia wewe.

La pili ni giaboksi. Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya aina ya CVT, ambayo hutumia mafuta yake maalumu. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, gari linaweza kutembea siku kadhaa bila tatizo, kisha likaanza kusita na kuunguruma. Giaboksi nyingine inaweza kukugharimu mavuno ya msimu mzima. Kama fundi hajui gari lako lina giaboksi ya aina gani, asiiguse.

La tatu ni mfuko wa hewa, ule unaofumuka wakati wa ajali. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine mengi. Baruti iliyo ndani yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifumuka chuma chake kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, na kuanzia mwaka 2008 makumi ya mamilioni ya magari duniani yameitwa kurudishwa ili kifaa hicho kibadilishwe. Hapa ndipo wakala anapohitajika hasa. Andika namba ya chesisi ya gari lako, umpigie simu wakala wa kampuni hiyo, umwulize kama gari lako limo katika orodha na kama anashughulikia magari yaliyoingia yakiwa mitumba. Uliza kwanza kwa simu, ndipo usafiri.

Breki na mkanda

Ileje ni nchi ya milima na miteremko, kwa hiyo breki ziwe za kwanza katika hesabu yako. Wengi hukumbuka pedi na kusahau mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Unapokanyaga breki kwa muda mrefu kwenye mteremko, joto hupanda, ule unyevu huchemka na kuwa mvuke, na pedali huzama mpaka chini bila gari kushika. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kazi ndogo ambayo fundi wa jirani anaiweza. Naye dereva ashuke kwa gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Jambo jingine ni mkanda wa taimingi. Injini za IST hutumia mnyororo. Lakini injini nyingi za dizeli, kama 1HZ ya Land Cruiser na 5L ya Hilux, hutumia mkanda wa mpira, ambao kwa kawaida hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na injini huharibika. Kwa gari la mtumba usiiamini namba ya kilomita peke yake, maana inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo manne ya kufanya mwenyewe

1. Weka daftari la gari. Kinachompa wakala sifa yake kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu. Kila sevisi imeandikwa tarehe, kilomita na kilichofanyika. Hilo hata wewe unaliweza kwa daftari la shule la mwanao. Andika lini oili ilibadilishwa, ni ya aina gani, na itabadilishwa tena kwa kilomita ngapi. Kwa oili ya kawaida na barabara zenye vumbi, kilomita 5,000 ni kipimo kizuri.

2. Nunua oili na spea mwenyewe, dukani panapotoa risiti. Angalia kama kizibo kimefunguliwa, na kama maandishi hayakufifia au kukosewa. Bidhaa bandia ziko nyingi, na Tume ya Ushindani, FCC, huzikamata mara kwa mara. Bila risiti huna pa kuanzia kulalamika. Chupa ikiisha, itoboe, ili mtu asije akaijaza tena.

3. Omba kifaa cha zamani. Mwambie kwa upole, "Fundi, naomba uniwekee hizo pedi za zamani, nizione." Fundi mwaminifu hatachukia. Akikujibu, "Mama, haya mambo ya magari huwezi kuyaelewa," mwambie, "Nieleze taratibu mwanangu, nitaelewa." Anayekataa kabisa kueleza, usimrudie.

4. Patana bei kabla ya kazi kuanza, na muandike. Andikeni bei ya ufundi mbali na bei ya spea. Akigundua tatizo jingine, akuulize kabla hajaligusa. Ukishapatana naye, mlipe siku ile ile. Fundi anayekopwa kila mara hulazimika kutafuta fidia yake mahali pengine, na mara nyingi ataipata ndani ya gari lako.

Kwa hiyo familia yetu ya Isongole ifanyeje? Kama gari lao ni la mtumba, sevisi za kawaida wazifanye kwa fundi wa jirani waliyemchunguza, na daftari likae kwa mama. Mara moja kwa mwaka, safari ya mjini ikiwepo kwa shughuli nyingine, wapitie gereji kubwa ili breki, usukani na kompyuta vikaguliwe. Hapo hawalipii safari ya pekee, na fundi wao wa nyumbani anapata jicho la pili juu ya kazi yake. Kwa wakala waende kwa waranti, kwa mfuko wa hewa, na kwa kifaa ambacho hakipatikani kwingine.

Mama asiyejua kuendesha naye asijitenge na jambo hili. Kusoma daftari na kuuliza, "Breki zilikaguliwa lini?" kabla watoto hawajapanda hakuhitaji leseni. Jioni ya leo fungua kabati, utafute kadi ya gari, uandike namba ya chesisi katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Huo ni mwanzo wa kutosha.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya bima ya gari, na yale ambayo mama ayasome kabla ya kuilipia. Tukutane salama.