PANGABOI SI NENO LA DHARAU

Wako ndugu zetu ambao wakisikia neno "pangaboi" hucheka. Tuliwasikia Septemba 2016, Serikali ilipopokea ndege mbili za Bombardier Q400 ili kulifufua Shirika la Ndege la Tanzania. Walisema ati nchi imerudishwa nyuma. Kicheko hicho hakikuwa na msingi. Kwa safari fupi ndege ya pangaboi hutumia mafuta machache kuliko jeti, tena hutosheka na uwanja mfupi. Wazee wa Kipawa, majirani wa kiwanja cha ndege, hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Wazee hao wanaikumbuka Dakota. Ndiyo iliyokuwa punda wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946. Ilibeba abiria wapatao 30 pamoja na barua, ikatua hata katika viwanja vya udongo. Iliposimama, mkia ulikuwa chini na pua juu, hata abiria wa kiti cha mbele alipanda kilima ndani ya eropleni (ndivyo tulivyoiita). Ngurumo ya injini zake mbili mtu aliitambua kabla hajainua macho. Baadaye ikaja Fokker Friendship, yenye mabawa juu ya madirisha, na msafiri akaiona nchi yake chini bila kizuizi.

Lakini tusiipambe mno. Dakota haikuwa na namna ya kuhifadhi hewa ndani, kwa hiyo haikuweza kuwapandisha abiria juu sana. Ilipita humo humo mawinguni, kandokando ya milima. Tarehe 18 Mei 1955, moja iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga mlima Kilimanjaro, wakafa watu wote 20. Anayezililia ndege za zamani na awakumbuke na hao.

Sisi tunalilia kazi iliyofanywa. Shirika lile lilipovunjika mwaka 1977, karakana kuu ilikuwa Nairobi, na Tanzania ilibidi ijenge upya shirika lake. Rai yetu ni kwamba itafutwe Dakota moja, isimamishwe Kipawa, karibu na jengo la kwanza la abiria, watoto wa shule waipande. Na mafundi, wapakizi na wahudumu wa siku zile waulizwe, maneno yao yaandikwe. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1966 akiwa na miaka 20, leo ni mzee wa karibu miaka 80.