Chai ya zamani: zamani ya nani?

Noeli na Bonane zikikaribia, wazo moja linazunguka katika familia za wasomi wa Mabalako, Beni na Butembo: kupanga "chai ya zamani". Meza inafunikwa kitambaa cheupe, vikombe vinawekwa juu ya visahani, gato ya siagi inapikwa kwa kufuata daftari la zamani la masista, na papa wa nyumba anavaa koti na kravati kama za miaka ya 1950. Watu wanapiga picha, wanasema: tunakumbuka wazee wetu. Sisi tunauliza: wazee gani?

Tusidanganyane, ile meza tunaijua. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ikaongeza ngazi ya juu zaidi, imatrikulasio. Mkongomani mwenye aliomba alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba: waliangalia jiko, choo, na kama bibi na watoto wanakula mezani kwa kisu na uma. Mwaka 1958, nchi ikiwa na watu karibu milioni 14, wenye kupewa sifa hizo hawakufika 2 000. Kwa hiyo kitambaa cheupe kilikuwa kitambaa cha mtihani. Hatuwacheki wale wazee, walitafuta heshima kupitia mlango mmoja wenye ulikuwa wazi. Lakini kurudilia mtihani ule leo kwa furaha, bila mtu kutulazimisha, tena siku ya sikukuu, ni aibu.

Wengine watajibu: acheni bana, ni mchezo tu. Lakini mtoto anajifunza ndani ya mchezo. Mtoto mwenye anaambiwa "hii ndiyo zamani yetu" atakua akifikiri kwamba mbele ya gato, mama zetu hawakujua kupika kitu cha sikukuu.

Wengine tena, wenye mila kali, wanasema tutupe chai yote, ni ya wazungu. Hapo pia tunakataa. Chai inalimwa Butuhe, pembeni ya Butembo, na inachumwa na mikono ya watu wetu. Ikipikwa na tangawizi na mchaichai, nani atasema si ya kwetu? Hata kakao yenye wakulima wa Mabalako wanakausha na kuuza, ingefaa siku moja iingie katika vikombe vyao wenyewe. Ubaya hauko ndani ya kikombe. Uko katika kuchagua zamani moja na kuizika ingine.

Na hiyo ingine inapotea mbele ya macho yetu, sababu mapishi ya mama wazee hayakuandikwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamekimbiza watu katika vijiji na mashamba ya eneo la Beni. Mwenye anakimbia usiku habebi kinu wala mbegu ya ulezi. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa hapa kwetu Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako. Mpaka ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2 287 katika sehemu zote ilipofika, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Kila mama mzee mwenye tulizika alienda na jiko lake lote.

Basi tunataka nini? Mwenye anapanga chai ya zamani mwaka huu, aite mama mzee siku kadhaa mbele ya feti, aje kama mwalimu. Awaonyeshe vijana namna ndizi zinaivishwa ndani ya shimo lenye kufunikwa majani, namna zinakamuliwa kwa majani makavu mpaka maji yatoke, na namna unga wa nafaka iliyokaangwa unageuza maji hayo kuwa kasiksi. Uji wa ulezi, viazi vitamu, maboga na mihogo ya kuchoma viwekwe pembeni ya chai, mezani pale pale, bila kufichwa jikoni wageni wakifika. Na kijana mwenye amesoma ashike kalamu, aandike vipimo: vibuyu vingapi, saa ngapi, kuni gani. Aandike kwa Kinande na kwa Kiswahili, majina ya vyombo pia.

Gato iwepo kama watu wanaipenda. Isikalie tu kiti cha bibi na babu zetu.

Tuanze Bonane hii. Mama wazee wenye tuko nao bado hawatatungojea.