Florida yaruhusu sindano za seli shina: kano zitapona kweli?

Tangu Julai 1, 2025, daktari katika jimbo la Florida, Marekani, anaweza kumchoma mgonjwa sindano ya seli shina kwa maumivu, vidonda au majeraha ya mifupa na viungo, hata kama Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, haijaidhinisha tiba yenyewe. Sharti ni kumweleza mgonjwa hivyo kwa maandishi na kupata ridhaa yake. Sheria hiyo inawagusa pia wenye majeraha ya kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.

Tunaielewa shauku yao. Kano hupata damu kidogo, hivyo hupona polepole, tena kwa kovu. Nyuzi za kolajeni zilizokuwa zimelala sambamba hurudi ovyo ovyo, na mtu huumia tena palepale. Seli shina zinatarajiwa kujenga kano mpya badala ya kovu, au angalau kutuliza uvimbe ili mwili ujenge wenyewe.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka kwa farasi wa mbio. Nchini Uingereza, uboho wa farasi ulichukuliwa, seli zikaoteshwa maabara, kisha zikarudishwa ndani ya kano iliyojeruhiwa. Ripoti ya mwaka 2012 kuhusu farasi 113 ilionyesha kuwa takriban 27 katika kila 100 waliumia tena, kiwango cha chini kuliko kilichoripotiwa kwa tiba nyingine. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha lililofuatiliwa wakati uleule, na farasi hao walipewa pia mazoezi ya hatua kwa hatua kwa miezi mingi. Ni seli zilizowaponya, au ni mazoezi?

Swali hilo si la kichokozi. Kwa miaka mingi kliniki ziliuza sindano ya utegili wa damu ya mgonjwa mwenyewe kwa maumivu ya kano ya kisigino. Mwaka 2021, jaribio la wagonjwa 240 Uingereza liliilinganisha na sindano ya uongo. Baada ya miezi sita, hapakuwa na tofauti.

Hatari nazo zipo. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika Texas, Florida na Arizona walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama tiba ya seli shina.

Wahandisi wa tishu, kwa upande wao, wanaotesha seli juu ya viunzi vya nyuzi huku wakizivutavuta, kwa sababu kano isiyovutwa haijipangi. Kazi hiyo bado iko maabara zaidi kuliko hospitalini.

Tunachokiona kama tatizo kubwa la sheria ya Florida ni hiki: mgonjwa anayeweza kununua sindano leo hana sababu ya kukubali kupigiwa kura katika jaribio ambako huenda akaangukia kundi la sindano ya uongo. Na bila wagonjwa hao, swali la farasi 113 litabaki bila jibu kwa binadamu.