Mnaogopa Kilichoandikwa, Mnajipaka Kisichoandikwa

Leo hatuna mshono wala mtindo wa mtandio wa kuwaonyesha. Tuna ugomvi.

Sisi ni wanawake wa cherehani na biashara ndogondogo, Handeni na Korogwe. Bi harusi akija kupimwa gauni, akishapimwa kifua na kiuno mazungumzo huhamia kwenye ngozi, na hapo ndipo tunaposikia mambo. Siku hizi kilio ni kimoja: losheni za dukani zina kemikali, kuna kitu ndani kinaitwa polisobeti, kinaharibu kizazi, kina nguruwe, kina pombe. Ukiyafuatilia maneno hayo mpaka yalikotoka, unamkuta mtu ana ndoo ya krimu nyeupe anaipima kwenye vikopo. Ya kwake, anasema, ni asili tupu.

Haya, tuanze na hicho kinachoogopwa.

Kila aliyewahi kupika mchuzi wa nazi anajua tui kukatika. Uliache lichemke bila kukoroga, maji yanakwenda kwake na mafuta yanaelea juu. Kwenye tui lenyewe kuna protini zinazoyashika mafuta na maji pamoja, moto ukizidi zinaachia. Losheni nayo ni maji na mafuta, na viwili hivyo havikai pamoja bila mshikaji. Wataalamu humwita mshikaji huyo emalsifaya. Sisi mafundi tunamwona kama uzi: chembe yake moja ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, basi inavishona viwili hivyo vikawa kitambaa kimoja. Uzi wenyewe ni kidogo tu, mara nyingi asilimia chache za krimu nzima.

Polisobeti ni uzi wa kiwandani, hatulifichi hilo. Hutengenezwa kwa sobitoli, ambayo ni jamaa wa sukari, na asidi ya mafuta. Polisobeti 20 hutumia asidi ya lauriki, ile iliyojaa kwenye nazi zetu za Tanga. Polisobeti 80 hutumia asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Kisha huunganishwa na gesi ya ethilini oksaidi. Gesi hiyo ni sumu, ila ikishaungana inakuwa kitu kingine kabisa. Linalobaki la kuchunga ni mabaki madogo ya daioksani, ambayo kiwanda kinachojali huyaondoa kabla ya kuuza. Polisobeti 80 hiyohiyo hutiwa kwenye aiskrimu, na imo kwenye baadhi ya dawa za sindano hospitalini. Mama anayemkataza bi harusi losheni kwa ajili yake huenda jana kamnunulia mjukuu aiskrimu.

Nyuzi zote si sawa, hilo nalo tuliseme. Mwaka 2013 wakala wa dawa wa Uingereza ulitoa tahadhari juu ya krimu moja ya bei rahisi ya kulainisha ngozi, yenye sodiamu laurili salfeti, kwamba ikiachwa mwilini huweza kuwasha, hasa kwa watoto wenye ukurutu. Ngozi yako ikikataa kitu, kiache. Jaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku moja au mbili, siyo usiku wa hina.

Sasa turudi kwa mwenye ndoo. Krimu yake ni nyeupe na laini, maana yake ina maji. Imekaa juani Handeni wiki nzima na haijakatika, maana yake ina uzi. Ama ametia emalsifaya mwenyewe, na hapo "bila kemikali" ni uongo, ama amefungua krimu za watu akazichanganya. Hiyo ya pili ndiyo tunayoiona zaidi, na jina lake linajulikana kutoka Tanga mpaka Unguja: mkorogo. (Na mtuache na utani wa Korogwe na mkorogo, tumeusikia tangu tukiwa shule.)

Ndani ya mkorogo ndimo vilimo vya kuogopwa. Haidrokwinoni, ambayo ukiipaka muda mrefu inaweza kukuachia mabaka meusi yasiyotoka. Klobetasoli na betamethasoni, dawa za steroidi za kuandikwa na daktari, ambazo zikitumika ovyo huikonda ngozi mpaka inaota mistari na kuchanika kirahisi. Na zebaki, inayokwenda kwenye figo, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Wengi wa mabinti hawa wanaolewa leo na mwaka haupiti wana mimba. Halafu mtu anawatisha kwa polisobeti!

Tumewahi kuongeza mikono mirefu kwenye gauni siku nne kabla ya ndoa, kwa sababu bi harusi alikuwa na mistari myekundu mikononi na usoni amebabuka. Gauni tuliliokoa. Uso hatukuwa na kitambaa chake.

Kwenye kopo la kiwandani vitu huandikwa kwa mpangilio, vilivyo vingi mwanzo. Ndiyo maana polisobeti inaonekana na kulaumiwa. Zebaki haina karatasi. Mwenye ndoo haandiki kitu.

Kuna swali la halali, na hili tunaliheshimu kwa sababu ni la dini na si la soko. Neno alkoholi lisikutishe peke yake: alkoholi ya setearili ni nta ngumu nyeupe, hailewi mtu, haihusiani na chupa. La kuuliza ni mafuta yametoka wapi. Gliserili stearati huweza kutoka kwenye mawese, huweza pia kutoka kwenye mafuta ya mnyama, na karatasi mara nyingi haisemi. Polisobeti ni vilevile. Basi tafuteni alama ya halali. Indonesia wana sheria ya mwaka 2014 inayotaka vipodozi navyo viwe na cheti cha halali au viseme wazi kwamba si halali, na wanaileta hatua kwa hatua. Palipo na shaka muulizeni shekhe, mumpelekee kopo alisome. Ndoo ya mkorogo atasoma nini?

"Bibi zetu walitumia asili," wanatuambia. Ndiyo, na bibi zetu hawakuuza krimu nyeupe. Walikuwa na singo na liwa, vitu vikavu vinavyoloweshwa kwa maji ya waridi saa ileile ya kumsinga bi harusi. Walikuwa na mafuta ya nazi na ya ufuta, yasiyo na tone la maji. Pasipo na maji hapahitajiki uzi. Anayetaka asili kweli arudi huko, tena ni rahisi zaidi, na somo wako anajua kuitengeneza kuliko sisi. Anayetaka losheni anunue losheni yenye maandishi. Hicho cha katikati, cheupe kama losheni na kinachojiita asili kama singo, ndicho tunachokipigia kelele.

Bara vipodozi viko chini ya TBS tangu mwaka 2019, zamani vilikuwa TFDA. Zanzibar ni ZFDA. Kipodozi kinatakiwa kusajiliwa, na ofisi hizo huulizwa. Muuzaji akikwambia wake ni mdogo mno kusajiliwa, mwombe basi aandike tu kwa kalamu vilivyomo, juu ya plasta, abandike kwenye kopo na kutia jina lake. Sisi tumewaomba watatu, wawili Korogwe na mmoja Handeni. Kalamu tulikwenda nayo wenyewe. Tumerudi nayo.