Aliyeuzwa asitangulie kizimbani

Sheria inayosubiri mpaka mwathiriwa asimame mbele ya hakimu na kifungo cha maisha kikimning'inia kichwani, ndipo imruhusu aeleze kwamba aliuzwa, haimlindi. Ndivyo tunavyoihukumu kesi ya Chrystul Kizer wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Na haituhusu kwa mbali tu, kwa kuwa sheria ya Kenya kuhusu ulanguzi wa binadamu imesimama juu ya maneno yale yale yaliyozozaniwa kule.

Kizer alikuwa na miaka 16 alipokutana na Randall Volar, mwanamume wa miaka thelathini na ushei. Anasema mtu huyo alimnajisi mara kwa mara na kumuuza kwa wanaume wengine. Februari 2018 polisi wa mji wa Kenosha walimkamata Volar, wakapekua nyumba yake na kukuta video za watoto wakidhulumiwa kingono. Katika baadhi yake alionekana yeye mwenyewe na wasichana wadogo. Akaachiliwa siku hiyo hiyo. Miezi mitatu na zaidi ikapita, ushahidi uko mikononi mwa polisi na mwenyewe yuko nyumbani kwake. Juni mwaka huo Kizer, sasa akiwa na miaka 17, alikwenda kwa Volar na bastola, akampiga risasi kichwani, akachoma nyumba moto na kuondoka na gari lake aina ya BMW.

Anayesema kesi hii ni nyepesi hajaisoma. Upande wa mashtaka ulidai msichana alipanga mauaji kwa sababu alilitaka gari. Yeye alisema Volar alikuwa akimlazimisha tena na alikuwa akijihami. Hatuna mamlaka ya kuamua nani kati yao alisema kweli. Waliokuwa na mamlaka hayo ni raia wa jopo la mahakama, na hawakupewa nafasi.

Tangu 2008 sheria ya Wisconsin inampa mwathiriwa wa ulanguzi utetezi kwa kosa lolote alilotenda kama matokeo ya moja kwa moja ya kulanguliwa, hata kama mlanguzi hajawahi kushtakiwa. Serikali ilipinga utetezi huo usimfae mtu aliyeua. Mabishano yalipanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo Julai 2022, kwa kura 4 dhidi ya 3, iliamua kwamba Kizer anaweza kuutumia hata katika shtaka la kuua kwa kukusudia, na kwamba ukikubaliwa unamwondolea hatia yote. Mahakama haikumwachilia. Ilisema tu kwamba akileta ushahidi kiasi unaounganisha kosa na kulanguliwa kwake, jopo liusikilize.

Basi hapo ndipo ulinzi wenyewe ulipokwama. Kwenda mbele ya jopo kulimaanisha kuweka maisha yake yote rehani. Mei 2024 alikiri kosa dogo zaidi, la kuua kwa uzembe uliopita kiasi, na Agosti akahukumiwa miaka 11 gerezani. Ushindi wa 2022 ukabaki kwenye vitabu vya mawakili. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kenosha ulikata upande mmoja: Volar alitoka kituoni siku aliyokamatwa, Kizer alikaa mahabusu takriban miaka miwili kabla ya wahisani kumchangia dhamana ya dola 400,000.

Tutaambiwa kwamba msimamo huu ni kibali cha kuua. Si kweli. Utetezi huu hautolewi kwa kulia machozi kizimbani. Unadai ushahidi, na upande wa mashtaka una nafasi kamili ya kuupangua. Mbona hatusemi sheria ya kujihami ni kibali cha kuua?

Wala huruma ya wakubwa si badala ya sheria. Cyntoia Brown wa Tennessee alimuua mwanamume aliyemnunua mwaka 2004, akiwa na miaka 16, akapewa kifungo cha maisha ambacho kingemweka ndani miaka 51 kabla ya kufikiriwa kuachiliwa. Alitoka Agosti 2019 kwa sababu gavana Bill Haslam, akikaribia kuondoka ofisini, alimpunguzia adhabu. Gavana mwingine angeweza kuitupa barua yake kapuni, na hakuna kifungu ambacho kingemzuia. Uingereza nayo ilitunga Sheria ya Utumwa wa Kisasa mwaka 2015, ikawapa waathiriwa utetezi katika kifungu cha 45, kisha ikaambatisha orodha ya makosa zaidi ya 100 ambayo utetezi huo hauyagusi.

Mwongozo ulio bora ulitoka Strasbourg. Februari 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Uingereza kwa kuwashtaki vijana wawili wa Vietnam waliokutwa wakifanyishwa kazi kwenye nyumba za kukuzia bangi. Haikuwa kesi ya biashara ya ngono, lakini kanuni yake inafaa kila mahali: pakiwa na dalili za kuaminika kwamba mtu amelanguliwa, uamuzi wa kumshtaki au kutomshtaki, kadiri inavyowezekana, usubiri mpaka mtaalamu achunguze hali yake.

Turudi nyumbani. Kifungu cha 14 cha sheria ya Kenya ya kukabiliana na ulanguzi wa binadamu, ya mwaka 2010, kinasema mwathiriwa hatawajibika kwa kosa lolote la jinai ambalo ni matokeo ya moja kwa moja ya kulanguliwa. Kwa maandishi, ni ukarimu mkubwa kuliko wa Uingereza: hakuna orodha ya makosa yaliyoondolewa. Lakini kifungu hicho hakisemi nani atamtambua mwathiriwa, wala atambuliwe saa ngapi. Bila hilo, kinga inabaki kwa mwenye wakili anayekijua.

Msichana akikamatwa kwenye msako wa usiku, kitabu cha matukio kinaandika jina, umri anaoutaja na kosa. Asubuhi yuko mahakamani pamoja na wenzake kwa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Anaulizwa kama ni kweli, anasema ni kweli, anatozwa faini. Akija mtu kumlipia faini hiyo, nani kortini humuuliza mlipaji ana uhusiano gani naye? Na kama msichana hajatimiza miaka 18, hakuna haja hata ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Kumwingiza mtoto katika biashara hiyo ni ulanguzi tayari.

Tunamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aweke mwongozo unaofungamanisha polisi na waendesha mashtaka wake wote: hati ya mashtaka dhidi ya mtu anayeshukiwa kuwa aliuzwa isiwasilishwe kabla ofisa wa dawati la jinsia au wa ustawi wa jamii hajamhoji na kuandika ripoti. Ripoti hiyo iwe kwenye faili kabla mshtakiwa hajaulizwa kama anakiri au anakana. Shtaka likiwa la mauaji, uamuzi wa kuendelea utiwe sahihi na Mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu zilizoandikwa. Na kituo chochote kitakachokuta ushahidi wa watoto kuuzwa kisha kimwachilie mshukiwa bila mashtaka, mkuu wake aitwe ajieleze ndani ya siku saba.