Tope la Mbweni lina deni la kutunzwa
Jani la mkoko likidondoka Mbweni, Unguja, kaboni yake haipotei. Kaa hula sehemu, maji yakipwa huchukua nyingine baharini, inayobaki huzikwa topeni. Humo oksijeni ni haba, basi kuoza huchelewa na kaboni huweza kulala karne nyingi.

Huko Urusi, Mto Lena humwaga kaboni ya nchi kavu kwenye bahari ya baridi, na baridi nayo huchelewesha kuoza. Zanzibar haina baridi hiyo. Kinga yake ni tope na mizizi.

Kwa hiyo anayekata mikoko kwa kuni na boriti haondoi miti tu. Mizizi ikifa na tope likichimbuliwa, kaboni ya zamani hurudi angani kama hewa ya ukaa.